Uzi wa Bandi

Mkasi ulikuwa umefungwa kamba kwenye mguu wa meza, kama mbuzi anayesubiri siku yake. Kamba yenyewe fupi. Fundi mwingine hupeleka mkasi kwenye kitambaa. Pindo alilazimika kupeleka kitambaa kwenye mkasi, akikizungusha juu ya meza ya ofisi ya mtaa, huku tarishi amekaa mlangoni akimkodolea mikono kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike.

Pindo ni jina la utani alilopewa na wateja, kwa kuwa mapindo yake hayakuwahi kufumuka. Lakini tangu atoke hospitali ya wagonjwa wa akili, jina hilo lilikuwa limekufa midomoni mwa watu. Sasa alikuwa "mgonjwa wetu". Mgonjwa wetu amekula? Mgonjwa wetu kalala? Hata muuza maji, ambaye suruali aliyoivaa ilitoka mikononi mwa Pindo, alimpungia kwa mbali akisema mgonjwa wetu leo kang'aa.

Alikuwa amepona kiasi mtu anachoweza kupona. Sauti zilikwisha nyamaza, na vidonge alivimeza bila kusukumwa. Kila alipokwenda kliniki nesi alimwuliza kama analala, kama anakula, kama anasikia watu wasiokuwepo. Alijibu yote, kisha akasema anataka mkasi wake. Nesi alicheka kidogo. Hilo si la dawa, alisema, kamwone Mwenyekiti.

Na Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyeuchukua, siku ileile Pindo alipobebwa, kwa usalama wa umma. Wakubwa wana maneno yao hayo. Wakikunyang'anya cha kwako, umma unalala salama.

Sasa mtaa ulikuwa na ugeni. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja kuona jinsi wagonjwa wa akili waliorudi majumbani wanavyotunzwa, na Mwenyekiti alitaka suti iliyoshonwa na mgonjwa mwenyewe, aivae mbele ya mgeni. Ndiyo maana mkasi ukatolewa kabatini na kufungwa kamba. Shughuli ikiisha, aliahidi, utafunguliwa uende nyumbani na mwenyewe.

Pindo akakata. Akabeba vipande hadi kwa dada yake, alikokuwa akiishi sasa, na ambako cherehani yake ilikuwa imehifadhiwa chini ya shuka. Yeye na dada yake hawakuwa na maneno mengi. Mke wa Pindo alifariki yeye akiwa wodini, akazikwa, na Pindo akaja kuambiwa mlangoni siku ya kurudi, begi likiwa bado mkononi. Hilo hakumsamehe dada yake. Chakula alipokea, salamu aliitikia, basi. Lakini suti aliishona kwa moyo wake wote, kwa sababu mwisho wa suti ile kulikuwa na mkasi.

Siku ya kupima, Mwenyekiti alisimama katikati ya ofisi amenyoosha mikono, nesi amekaa pembeni na soda yake.

"Mgonjwa wetu, hapa kiunoni umenionea huruma au umenipunja?"

"Pumua tu, mzee. Itakaa."

"Unawaona, nesi? Wakitulizwa, wanafaa."

Pindo, pini zikiwa mdomoni, akauliza habari ya mkasi.

"Mkasi ubaki hapohapo na kamba yake," alisema Mwenyekiti. "Watakuja wageni wengine. Wataona nini?"

"Uliniahidi, mzee."

"Usianze. Ukianza hivyo ndiyo unarudi kulekule." Kisha akamgeukia nesi, akisema juu ya kichwa cha Pindo kana kwamba pale chini kuna kigoda. "Huyu ni wa kwenda naye taratibu. Hata msiba wa mkewe, mimi ndiye niliyekataza asiambiwe. Dada yake alinipigia magoti hapa hapa. Nikamwambia, akija huyo atatuchafulia mazishi, na viongozi wapo."

Nesi akasema ilikuwa busara.

Pindo akazitoa pini mdomoni mojamoja, akazirudisha koponi.

"Niachie suti, mzee. Kuna mahali hapajakaa sawa."

Alipofika nyumbani alimkuta dada yake anapepeta mchele.

"Dada. Kumbe ulipiga magoti."

Ungo ukatua chini. "Nilipiga," alisema dada yake.

Pindo akakaa kwenye mwanga wa mlango, akaanza kufumua mishono ya cherehani kwa ncha ya sindano, tundu kwa tundu. Makwapa yote mawili, kisha mshono wa nyuma wa suruali. Alipomaliza akaanza kupiga bandi, ule mshono mrefu wa mkono ambao fundi huutumia kushikiza nguo kwa muda, kisha huung'oa. Bandi hupigwa kwa uzi mweupe ili ionekane. Dada yake alisimama akamtazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na uzi mweusi, akamtungia sindano.

Siku ya ugeni suti ilimkaa Mwenyekiti kama maji. Alishika kipaza sauti, akainua mikono kuomba makofi, na mkono wa koti ukabaki unaning'inia. Akainama kumvutia mgeni kiti. Suruali ikaachana kiunoni hadi chini. Kicheko kilichopanda pale, watu walishikana mabega.

Mwenyekiti akajifunga kitambaa cha meza. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa laini kama ya mchungaji.

"Ndugu zangu, msicheke. Msimlaumu. Huu ni ugonjwa."

Kicheko kikakatika. Mtu akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Pindo akatembea hadi mbele. Akaushika uzi uliokuwa unachungulia kwapani mwa Mwenyekiti, akauvuta wote. "Si ugonjwa," alisema polepole. "Nimefanya makusudi, na akili zangu timamu. Ulimzika mke wangu, ukanificha."

Mgeni aliinamisha kichwa kwa huruma, akamwuliza nesi kama huyu bwana anameza dawa. Nesi akasema ndizo dalili hizo, wote husema kuna jambo wamefichwa. Dada akapaza sauti kwamba ni kweli tupu, na uzi alitunga yeye. Mwenyekiti akatikisa kichwa: masikini, kuuguza kumemchosha.

Kwenye gari la hospitali Pindo alimfungulia nesi kiganja.

"Tazama, nesi. Uzi wa cherehani ungekatika vipande. Huu umetoka mzima. Ni bandi. Umepigwa kwa akili."

Nesi akauchukua taratibu, akauviringisha kidoleni, akautupa dirishani.

"Usije ukajidhuru nao," alisema, akaanza kumtafuta mshipa.