Hewa Imlilie

Siku Baba Redio, mwenye kituo cha redio cha mjini na mtangazaji wake, alipofariki, mkewe alipanda ngazi mpaka kwenye chumba cha matangazo, juu ya duka la fundi cherehani, akamnyooshea kidole fundi mitambo, akasema, "Zima."

"Mama, tungeweka hata muziki wa taratibu…"

"Mwenye sauti amelala, wewe unataka mashine ipige domo? Zima, mwanangu. Hewa nayo imlilie."

Fundi akazima. Mji wote ukasifu. Watu walisema kimya kile kilikuwa kizito kuliko hotuba zote za mazishini. Katika msiba ule, hakuna aliyekumbuka kuwaarifu watu wa serikali wanaogawa masafa ya redio.

Miezi ikapita, kituo kikiwa bado kimezimwa. Siku ya kurudi hewani, mjane aliketi kwenye kiti cha marehemu. Sponji ya kipaza sauti ilikuwa bado inanukia tangawizi ambayo marehemu alizoea kutafuna. Fundi, kama marehemu alivyomfunza, akasikiliza kwanza kabla ya kurusha. Akazungusha kitufe cha redio ndogo mpaka kwenye masafa yao.

Mtu akacheka.

Kicheko kinene, cha mwanamume wasiyemjua, kisha tangazo la magodoro. Mjane aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Nani huyo nyumbani kwangu?"

"Tena hata hodi hakupiga," fundi akasema.

Kwenye ofisi ya wagawa masafa walikokwenda kulalamika, afisa alimwamkia mjane kwa adabu na kumvutia kiti.

"Masafa ni kama kiwanja cha umma, mama. Waombaji wengi, hewa finyu. Ukikiacha kitupu bila taarifa, kinarudi serikalini, anapewa aliye kwenye foleni."

"Hakikuwa kitupu. Tulikuwa tunaomboleza."

Afisa akageuza karatasi za faili. "Mitambo yetu ya kupimia ilisikia kimya tu, mama. Kilio haikijui."

 Mjane alitazama kidole alichomnyooshea fundi siku ile ya kuzima.

"Kumbe nimemzika mara mbili," akasema. 

Ombi jipya limepokelewa. Wao ndio wa mwisho kwenye foleni. Redio ya jikoni kwa mjane haijahamishwa mshale. Kila asubuhi, saa ya salamu za Baba Redio, yule wa magodoro hucheka, na mjane huosha vyombo akimsikiliza.