Chini ya Paa la Azza

"Barbados imefutwa," Maha alisema kwenye simu. Nyuma yake Shurooq alisikia muziki na watu wakicheka. "Kapteni katangaza sasa hivi. Kuna kimbunga kinaelekea kule kule. Meli inageuza, inakwenda kujificha Trinidad, halafu inarudi ilikotoka. Barbados hatufiki tena."

Shurooq alikuwa kazini katika ofisi ya safari, mjini Ibra, Omani, mbele yake wamekaa mume na mke kutoka Sinaw waliotaka kwenda Istanbul. Akawaomba radhi, akatoka nje kwenye jua.

"Bibi yuko wapi?"

"Huyu hapa. Kakaa na mkoba wake mapajani. Halua ya Nizwa ameishika mwenyewe, hataki hata niiweke chini. Anasema nikupigie wewe. Anasema, 'Muulize Shurooq, yeye ndiye mwenye meli.'"

Shurooq hakucheka. Meli haikuwa yake, lakini safari ilikuwa yake: yeye ndiye aliyeipanga, na yeye ndiye aliyechagua mwezi.

Bibi Turkiya alikuwa mama wa mama yake, na Maha alikuwa mama yake mdogo. Waliondoka Maskati wiki iliyopita kwenda kupanda meli ya matembezi ya visiwa vya Karibi. Majirani waliambiwa Bibi anakwenda kubadilisha hewa. Kweli ilikuwa moja tu. Anakwenda kumwona dada yake, Azza, ambaye hajamtia machoni tangu wote wawili ni wasichana wa Unguja wanaosuka nywele kwa kupokezana.

Azza alipelekwa London kusomea uuguzi, na mapinduzi yakamkuta huko. Wengine wa familia wakatawanyika, mwisho wakaangukia Omani, nchi ya babu zao, ambayo hawakuwa wameiona. Azza akabaki London, akaolewa na dereva wa basi kutoka Barbados. Alikuwa mtu mweusi aliyesilimu, akiswali na kufunga, na hakuwa na kosa ila moja: hana kabila la kutajwa barazani. Baba yao alipopata habari, aliwakalisha watoto wake wawili waliobaki, Himid na Turkiya, akaweka msahafu katikati. Kila mmoja akaapa kwamba hatalala chini ya paa la Azza maisha yake. Baba akafa, kiapo hakikufa. Azza akafiwa na mumewe, akahamia kisiwani kwao mume, akazeeka huko kati ya wajukuu wake. Kila Ijumaa yeye na Turkiya walizungumza kwenye simu mpaka masikio yakawaka moto. Mwaka huu moyo wa Azza ukaanza kuchoka, na madaktari wakamkataza kupanda ndege.

"Basi panda ndege wewe, Bibi, ukalale hotelini," Shurooq alimwambia siku Bibi alipokuja ofisini kama mteja, mkoba kwapani.

Bibi alimtazama kama mtu aliyeachia upepo mbele ya wageni.

"Nifike mji wa dada yangu, ana nyumba, ana kitanda, mimi nikalale kwa kulipa? Majirani zake atawaambia nini? Hoteli ni tusi, mwanangu. Kwake ni kiapo. Nitafutie njia ya tatu."

Njia ya tatu ilikuwa imebandikwa ukutani, nyuma ya kiti cha Shurooq: meli nyeupe juu ya maji ya buluu. Bibi mwenyewe ndiye aliyeinyooshea kidole. Meli huingia bandarini asubuhi, huondoka jioni. Mgeni aliyekuja na kitanda chake halali kwa mtu, wala mwenyeji hawezi kununa mgeni akiitwa na honi ya meli. Wangekula pamoja chakula cha mchana nyumbani kwa Azza, wakalia, wakachekana, na magharibi Bibi angerudi melini na kiapo chake mkononi, kizima.

Shurooq alikuwa na stashahada ya utalii, na hakuisoma kwa kulala. Aliwatanguliza mji wa meli siku nzima kabla, ili ndege ikichelewa wasiachwe. Aliwachukulia bima iliyotaja dhoruba kwa jina, si ile ya rahisi inayotaja begi kupotea tu. Viza alizichukua hata za visiwa ambavyo ratiba haikuvigusa. "Meli haikuahidi bandari, Bibi," alimwambia. "Imekuahidi bahari tu. Bandari inaweza kubadilishwa, na hawana deni na wewe." Dawa za presha akaziweka katika mkoba wa mkononi. Kitezo cha ubani alikitoa begini mara mbili. Mara mbili Bibi alikirudisha.

Mwezi ndio uliomponyoka. Bibi hakutaka kuondoka kabla tende hazijavunwa, na Ibra nzima hukimbia joto wakati huo. Tena Shurooq alikuwa na elimu ya nyumbani: mtoto yeyote wa Sharqiya, mkoa wao, anajua kwamba vimbunga vya bahari yetu huja kabla ya kusi kukaza, na tena baada yake. Kati hapo, watu wa Sur, kule pwani, hulala milango wazi. Septemba? Septemba shwari. Akaichagua Septemba bila kuuliza mara ya pili. Kumbe bahari ile ya upande wa pili wa dunia ina kalenda yake, na Septemba ndiyo kilele cha vimbunga vyake. Alikuwa amekwenda kupanga safari ya watu kwa hali ya hewa ya bahari ya nyumbani.

"Mpe Bibi simu," alisema.

"Shurooq." Sauti ya Bibi ilikuwa kavu. "Wallahi watu huku wamefurahi. Wameambiwa watapewa kuogelea bure."

"Bibi, nisikilize. Kuna njia. Mkifika Trinidad kesho, mnaweza kushuka moja kwa moja. Mama mdogo aende sasa hivi mapokezi ya meli, awaambie mnataka kukatisha safari huko, mwandikiwe ruhusa, mizigo ishushwe. Viza mnayo. Kimbunga kikipita na uwanja wa ndege ukifunguliwa, kutoka hapo mpaka Barbados ni safari ya saa moja. Nauli bima italipa, na isipolipa nitapigana nayo mimi."

"Na jioni? Meli itakuwa imekwenda zake. Nitalala wapi?"

Wote wawili walisikiliza ule muziki.

"Nenda kwa Himid," Bibi alisema mwishowe. "Muulize."

Alikwenda kesho yake baada ya alasiri. Mzee Himid, kaka yao Bibi na Azza, alikuwa peke yake katika majlisi yake ya kupokelea wageni, kahawa na sahani ya tende mbele yake, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Uso huo umeuazima wapi? Kaa, ukunjue."

Akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akachukua tende, akaitoa kokwa taratibu.

"Basi bahari imejibu," alisema.

"Bahari haikuulizwa, babu. Niliulizwa mimi, nikajibu vibaya. Kila Septemba kule kuna vimbunga, awepo Bibi asiwepo."

"Hata kukosea kwako ni kadari."

"Na kafara nayo? Si wewe uliyenisomesha? Mtu akivunja yamini, analisha masikini kumi. Mungu kaacha mlango."

"Mlango wa aliyeropoka kwa hasira sokoni. Sisi tuliapa mbele ya baba. Yule alijua anachofanya."

"Yule ana jina."

"Kizazi chenu mna ulimi mrefu na mkono mfupi," mzee alisema. "Asili ya watu mnaijua nyinyi?"

Shurooq alijua kwamba hapo ndipo mjukuu mwenye adabu hunyamaza. Hakunyamaza.

"Baba yenu, babu, mama yake alikuwa nani?"

Kiyoyozi kilinguruma.

"Alikuwa Mmanyema, mtu wa bara," Shurooq alisema. "Picha yake iko chumbani kwa Bibi, nyuma ya kabati, imegeuzwa uso ukutani. Angekaa na yule dereva wa basi meza moja, ungesema mtu na nduguye. Mmeapa kumkimbia nani?"

Mzee Himid alishika kikombe chake, akakitikisa kulia na kushoto kama mgeni anayesema kahawa imetosha, ingawa kahawa ilikuwa yake na nyumba ilikuwa yake.

"Nenda kwenu," alisema.

Garini, kabla hajawasha injini, alimpigia Bibi.

"Kasemaje?"

"Kasema bahari imejibu."

Bibi alicheka, kicheko kifupi. "Himid tangu mdogo, kila kisicho na ulimi humsemea yeye. Haya. Mimi nimeshashuka. Niko kwenye gati hapa, nimekalia begi langu, mama yako mdogo anagombana na dereva wa teksi."

"Umeshuka? Sasa mbona ulinituma kwake?"

"Ili asije akasema hakuulizwa. Yule ni kaka yangu." Kisha sauti ikashuka. "Shurooq. Nipikie kafara. Wali na nyama, wa kushiba, si wa kuonja."

"Lakini hujavunja bado, Bibi."

"Moyoni nimevunja. Pika."

Kimbunga kiliingia Barbados usiku ule. Tangu hapo simu ya Azza haikuita. Simu ya mjukuu wake nayo haikuita. Shurooq alipiga asubuhi, akapiga akiwa na wateja mbele yake, akapiga akiwa kwenye taa za barabarani, na kila mara mwanamke yule yule wa mtambo alimwambia jambo lile lile kwa upole ule ule. Kwenye televisheni walionyesha mabati yamekunjwa kama karatasi na minazi imelala kifudifudi. Nyumba ya Azza ilikuwa upande gani wa kisiwa? Hakuwa amewahi kuuliza. Alijua namba ya gati na saa ya meli kuondoka, na nyumba hakuijua.

Bibi hakuuliza hata mara moja kama Azza yuko hai. Aliuliza tu uwanja unafunguliwa lini. Ulipofunguliwa, Shurooq aliwapatia viti viwili katika ndege ya kwanza ya asubuhi, akaomba ruhusa kazini, akabandika sufuria kubwa jikoni.

Alipika akiwa na hofu, na nyama ikataka kumuungulia. Sahani alizipeleka mwenyewe kabla ya alasiri: kwa mjane anayekaa ng'ambo ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, na binti zake wawili, kwa mshonaji kipofu na mkewe, kwa wanaume wanne wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mitende, ambao mshahara wao ulikuwa haujafika. Aliporudi jikoni sahani moja ilikuwa imebaki, imefunikwa. Aliyemkusudia, mwanamke mmoja muuza kofia katika soko la wanawake, alikuwa amekwenda Bidiya.

Mlango ukagongwa. Mzee Himid alisimama kizingitini na fimbo yake, kanzu imepigwa pasi, jasho usoni. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Nimesikia harufu ya chakula mpaka msikitini," alisema.

"Karibu, babu."

Hakuketi. Alitazama sufuria, akatazama sakafu. "Kafara ni ya aliyeapa. Wewe unapika ya nani?"

"Ya Bibi. Kanituma."

"Na..." Alikohoa. "Azza. Simu yake imepatikana?"

Shurooq alikuwa hajapata kulisikia jina hilo kinywani mwa mzee. Kabla hajajibu, simu ikaita juu ya meza. Alikuwa Maha. Shurooq akaiweka sauti ya nje.

"Tumefika," Maha alisema, akihema. Nyuma yake palisikika msumeno wa injini ukikata miti. "Njia imefungwa, tumetembea kipande cha mwisho. Nyumba imesimama. Dirisha moja halina kitu. Sioni mtu. Bibi huyo yuko mlangoni. Subiri."

Wakamsikia Bibi, mbali kidogo na simu.

"Hodi!"

Msumeno ukanyamaza.

"Hodi!"

Mzee Himid alishika ukingo wa meza. Wote jikoni mle walijua desturi: hodi ni mara tatu. Isipojibiwa ya tatu, unageuka, unakwenda zako. Bibi Turkiya aliichelewesha ile ya tatu, kana kwamba anaogopa kuitumia.

"Hodi, wenyewe," alisema, polepole.

Kisha ikaja sauti nyembamba, ya ndani sana, ya mtu aliyelala. Ilikuwa sauti ya Unguja, haikupungukiwa na kitu.

"Nani huyo?"

Walisikia pumzi za Bibi tu.

"Nani?" ile sauti iliuliza tena.

"Jibu, Turkiya," Mzee Himid alisema kwa simu, kwa meza, kwa ukuta. "Mjibu."

Simu ikakatika.

Shurooq akapiga. Akapiga tena. Mwanamke wa mtambo akamwambia lile lile, kwa upole ule ule.

"Kamjibu?" mzee aliuliza.

"Sijui, babu."

Jua la Ibra lilikuwa limeshuka hadi kwenye kizingiti. Mzee akaiona sahani iliyofunikwa.

"Wangapi wamekula?"

"Tisa."

Akaiegemeza fimbo ukutani. Akaichukua sahani kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu asiyezoea kubeba chakula, akageuka na kutoka nayo.

"Wa kumi," alisema bila kutazama nyuma, "nitampelekea mimi."