Masufuria Kwenye Mkia wa Ndege

Maneno yalianzia kwa fundi cherehani, na mama akarudi nayo nyumbani yamemganda kama ulimbo. Fundi alikuwa anampima kiuno, pini ziko mdomoni.

"Mama, kweli mwanao anaunda ndege? Kuna jamaa, sijui wa mji gani, naye aliunda yake. Ikapaa vizuri tu, halafu ikashuka kwa makalio. Watu wa bima wakagoma kulipa hata senti."

"Kwa makalio?"

"Kwa makalio, mama. Kama mtu aliyekosea kiti."

Tangu hapo usingizi ukamhama. Mwanawe wa kwanza, ambaye mtaa mzima ulimwita Kapteni tangu angali na makamasi, alikuwa ameuza gari lake akanunua ndege ya mbio iliyoletwa vipande vipande kwenye masanduku. Aliiunga gerejini kwa mama yake, kitabu cha maelekezo magotini, anatafuna kucha. Mama hakusahau jinsi mtoto huyohuyo alivyowahi kufungua redio, akaifunga, skrubu zikabaki mkononi. Kila akifagia gereji, alifagia kwa kuinama, akitafuta skrubu zilizobaki.

"Mama, hapa hakibaki kitu," Kapteni alimwambia. "Tumeipima kwenye mizani, gurudumu moja moja. Uzito umekaa mahali pake. Bima wamekubali."

"Bima watakukatia hata jeneza, mradi ulipe."

Basi ndege ilipokwisha kupimwa, ikaja habari kwamba shangazi yake Kapteni yuko njiani. Wifi huyo alikuwa mwepesi wa kuazima, ila kwenye kurudisha hupatwa na maumivu ya mgongo. Mama akayaviringisha kwenye blanketi masufuria yake mazito, yale aliyopewa siku ya harusi yake, akatafuta pa kuyaficha. Kabatini? Wifi hufungua. Uvunguni? Huinama. Lakini nyuma ya viti vya ndege palikuwa na uwazi unaoelekea mkiani: pakavu, pasafi, hapaingii panya wala wifi. Akayasukuma huko, akarudishia kifuniko.

Wifi akaja, akanogewa, akakaa. Masufuria nayo yakakaa.

Siku ya kuirusha, lori liliibeba ndege mpaka kiwanja kidogo nje ya mji, na mabawa yakafungwa hukohuko. Kapteni alikagua injini, magurudumu na mafuta. Mkiani hakuangalia, alikuwa amekwisha kuangalia zamani. Bwana wa bima naye alikuja, tai imeishia kifuani. Mama akamsogelea.

"Mwanangu, hivi kweli huwa zinashuka kwa makalio?"

"Zile zenye mzigo mkiani, mama. Pua inanyanyuka, rubani anaisukuma chini, inagoma, halafu basi tena. Hii usiwe na wasiwasi. Mkiani hamna kitu."

Mama akamtazama wifi yake, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli.

Injini ilikwisha kuwaka. Mama akatupa viatu, akampokonya wifi mwavuli, akatimka mpaka mbele ya ndege, akawa anaupunga kama anafukuza ng'ombe.

"Mama, toka! Panga la injini litakukata!"

"Zima!"

"Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Zima, mjinga wee! Mkiani kuna masufuria!"

Injini ikazimika. Kapteni akateremka, akafungua kifuniko, akaingiza mkono. Likatoka blanketi. Likatoka sufuria, na lingine, na lingine. La mwisho mpini wake ulikuwa umenasa kwenye waya unaoendesha mkia. Kapteni akakaa kwenye majani.

"Mama, uliyaweka ya nini?"

"Muulize shangazi yako."

Bwana wa bima akakohoa. "Masufuria hayamo kwenye bima," akasema.

Ndege ikapimwa upya. Ilipopaa, mama alifumba macho mpaka aliposikia magurudumu yanagusa ardhi. Alipofumbua, mwanawe alikuwa anacheka peke yake kama kichaa, mzima, na wifi alikuwa amekumbatia sufuria kubwa kuliko yote.

"Wifi yangu, hili nakurudishia kesho."

Nyie wenye watoto wa namna hii, epukeni haya:

Kuhifadhi chombo chochote ndani ya ndege.
Kurusha ndege bila kuchungulia mkiani, hata kama ulichungulia jana.
Kudhani karatasi ya bima inashika ndege isianguke.
Kuona haya kupiga kelele mbele ya watu.
Mawifi.