Kundi la Kusubiri

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Risiti kwa sababu hakununua hata kalamu bila kudai karatasi yake. Alikuwa amefundisha uhasibu chuoni miaka kumi na minne, na kila mwaka aliona vijana wenye akili wakiacha masomo, si kwa kushindwa mitihani, bali kwa kushindwa na vijisenti walivyokuwa navyo. Ndipo akaamua kutengeneza kozi ya mtandaoni: masomo sita mafupi ya kusomwa kwenye simu, juu ya kupanga matumizi, kuweka akiba, kukopa, na kukataa kukopa.

Alishirikiana na fundi wa kompyuta wa chuo, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Kwa miezi saba waliandika na kufuta, wakarekodi video katika stoo ya vitabu kwa kuwa ndicho chumba pekee kisicho na mwangwi. Somo la nne, la mikopo ya simu, ndilo lililomtoa jasho. Alilirudia mara tisa, mpaka mama anayesafisha ofisi alipolisoma na kusema kwamba sasa ameelewa jinsi alivyoliwa.

Wafadhili walikuwa tayari kuipeleka kozi vyuo vingine, ila kwa sharti moja: kwanza ithibitishwe kwamba inasaidia. Wanafunzi mia moja na ishirini walijitolea, wakagawanywa kwa kura. Sitini walianza mara moja. Sitini waliambiwa wangoje muhula mmoja, ili mwishoni makundi mawili yalinganishwe. Wa kundi la kusubiri hawakutakiwa kudokezewa lolote lililomo katika masomo. Kanuni hiyo aliiandika Mama Risiti mwenyewe.

Katika kundi la kusubiri alikuwemo binti wa mwaka wa pili waliyemwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Alilelewa na shangazi yake, mwenye saluni ndogo, na pesa ya matumizi aliipata kwa kuwachapia wenzake kazi kwenye kompyuta yake ya mkononi. Wiki ya tatu ya jaribio kompyuta ile ilianguka, kioo kikapasuka. Jumanne asubuhi akabisha hodi ofisini kwa Mama Risiti, simu mkononi.

Kuna watu wangemkopesha elfu thelathini saa hiyo hiyo, alieleza, bila mdhamini. Masharti yalikuwa yameandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Mwalimu, hii asilimia tisa ni ya mwaka mzima, au?"

Mama Risiti aliitazama simu. Haikuwa ya mwaka. Ilikuwa ya kila wiki; baada ya wiki kumi na moja deni lingekuwa limezaa pacha wake. Aliijua hesabu hiyo kama anavyoijua njia ya kwenda kwake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa moyo wa somo la nne. Neno moja lilitosha. Lakini alifikiria jedwali lake, wale sitini kwa sitini, na wafadhili.

"Soma masharti vizuri, mwanangu," alisema. "Siwezi kukuongoza zaidi ya hapo."

Kasuku alicheka, akashukuru, akaondoka. Mama Risiti aliendelea kusahihisha madaftari, ila alisahihisha moja mara mbili bila kujua.

Muhula ulipokaribia kwisha, yeye na fundi walikaa kuyatazama matokeo. Yalikuwa mazuri kupita walivyotarajia. Kati ya waliosoma, wawili tu walikuwa wamekopa kwa simu. Kati ya waliosubiri, kumi na tisa. Fundi, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kutabasamu, alitabasamu. Wakati huo huo simu ya Mama Risiti ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka namba asiyoijua: mtu fulani ni tapeli, amekimbia deni, yeyote anayemfahamu amwambie alipe. Chini yake palikuwa na picha ya Kasuku. Waliomkopesha walikuwa wameutuma kwa kila mtu aliyemo katika simu yake.

Alimwomba fundi amwonyeshe majibu ya binti yule katika dodoso la jaribio. Alikuwa amekopa mara tatu, mara mbili za mwisho ili kulipia ile ya kwanza. Na hakuwa ameonekana darasani kwa wiki mbili. Mama Risiti akaiangalia tena ile kumi na tisa iliyokuwa imewafurahisha. Mmoja wao alikuwa amekuja mlangoni kwake.

"Sheria ya jaribio ndiyo hiyo," fundi alimwambia kwa upole. "Hukukosea."

Siku ya pili Mama Risiti alienda saluni kwa shangazi yake Kasuku. Kasuku alikuwa nyuma, akifua mataulo kwenye beseni, kimya. Shangazi alimkaribisha mgeni kiti kilicho chini ya mashine ya kukaushia nywele, akaeleza kwamba mjomba aliyekuwa akilipa ada ameupata ule ujumbe naye, na ameacha kulipa. Mama Risiti alimwomba binti akae. Kisha akasema lile alilokuja kulisema, bila kulipamba: kwamba siku ile alilijua jibu, na alilizuia.

Kasuku alikausha mikono polepole.

"Mimi nilidhani hujui," alisema. "Nikajiambia, kama wewe hujui, basi hakuna anayejua. Nikabonyeza."

Mama Risiti alitamani atukanwe. Shangazi aliacha kitana juu ya meza.

"Mwalimu, mtu akizama huulizi yuko kundi gani."

Mama Risiti alitaka kulilipa deni lote yeye mwenyewe. Shangazi alikataa, hakutaka mpwa wake ajifunze kwamba aibu hufutwa kwa pesa ya mwingine. Alichokubali ni hesabu. Basi walikaa watatu mpaka jioni, wakaandika kila kilichokopwa na kila kilicholipwa, na barua ya kuomba riba isimamishwe. Kwa mjomba, Mama Risiti alienda peke yake, akabeba lawama yake mwenyewe. Mjomba alimsikiliza akiwa amesimama, na hakumpa kiti.

Jumatatu yake aliwafungulia kozi wote sitini waliokuwa wakingoja, ingawa bado palikuwa na kipimo kimoja cha mwisho ambacho sasa kisingewezekana. Katika ripoti aliandika sababu, na akaandika pia habari ya ile Jumanne. Mkuu wa idara alimsihi aiondoe aya hiyo. Hakuiondoa. Wafadhili walikaa kimya miezi miwili, kisha wakatoa nusu ya fedha na kutaka jaribio lirudiwe, safari hii mwanafunzi anayeuliza ajibiwe, awe kundi lolote.

Mkopeshaji alikubali kusimamisha riba, ila si kuipunguza. Kasuku alirudi chuoni muhula uliofuata, akiwa nyuma ya wenzake muhula mmoja. Mama Risiti alipomwomba asaidie kulijaribu upya somo la nne, alikataa. Baada ya wiki akaja, akalisoma lote, akaonyesha sehemu mbili ambazo mtu mwenye haraka asingezielewa. Zilirekebishwa siku ile ile. Alipomaliza alichukua mkoba wake, akaaga kwa heshima kama anavyoagwa mwalimu yeyote, akatoka.

Mama Risiti alibaki ameukodolea macho mlango. Alikuwa amesamehewa au hakusamehewa, hakujua, na hakuona kama ana haki ya kuuliza.