Sapini Kwenye Kaburi la Sami

Sikukuu za wenzetu zikiisha, ndipo kazi yangu huanza. Juma la pili la Januari matajiri wa Kibenga wanachoka na sapini zao, miti ya Noeli, zile walizozipamba taa na pamba mwezi mzima, na wanazitupa nje ya geti kana kwamba hawajawahi kuzijua. Mimi Idi, na kamyoneti yangu, kigari cha mizigo kinachokohoa, nazizoa pamoja na majani na matawi ya bustani zao. Mbuzi hawazitaki. Wanawake wa nyuma ya soko huzichukua kuwashia moto, na hawaishi kunilalamikia kuwa zina moshi, utadhani mimi ndiye niliyezikata. Miaka kumi na minne naifanya kazi hii na bado naona ni upuuzi kuua mti kwa ajili ya mwezi mmoja, lakini nani ameniuliza.

Mwaka huu kuna moja sikuwapelekea wanawake wale. Niliipeleka makaburini, kwa mpwa wangu Sami, na ni bora mkono wangu ungevunjika.

Sami alikuwa mtoto pekee wa mdogo wangu Miza. Kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi pikipiki mwenye mikono ya dhahabu, ila pombe ilimshika. Asubuhi moja ya Desemba alirudi nyumbani ananuka, mama yake yuko kwenye mswala, na Miza akatamka neno ambalo mama hatamki: kwamba radhi yake hana, duniani wala akhera. Sami akatoka, akaenda ufukwe wa Kajaga kuogelea na wenzake. Alasiri walimtoa majini.

Tulimwambia Miza sote kwamba zile ni hasira tu, mama gani hana hasira. Hakusikia. Alisema alimsamehe hata kabla hajaoshwa, lakini maiti utamwambiaje? Kisha kwenye darasa la wanawake akasikia habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoweka kuti bichi juu ya makaburi mawili, akitaraji wenyewe wapunguziwe adhabu maadamu halijakauka. Basi, ikawa hiyo. Kila asubuhi Miza anaweka tawi la mwembe, na kufika adhuhuri jua limeshalimaliza, maana Januari ile mvua ilikata kabisa. Mwisho akaniomba mti. Si tawi, mti wenye mizizi, ubaki mbichi hata yeye akishakufa.

Siku mbili baadaye Népomuscène, mlinzi wa nyumba moja Kibenga, akanitolea sapini ndani ya ndoo, kijani kibichi, inanukia. Akanieleza wazi kwamba ilikatwa kwa msumeno ikachomekwa kwenye kokoto na udongo, chini haina kitu. Nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa nimechoka na machozi ya Miza, nasema kweli, nimechoka, nikaona mwezi mmoja wa kulala usingizi utamfaa, mengine tutajua mbele. Niliifukia mwenyewe huku Miza akisoma Yasini, nikahakikisha haoni chini yake. Alipomaliza aliniuliza mara moja tu.

"Iko na mizizi?"

"Iko nayo."

Akanishika mkono akaubusu, mkono huu wa kuzoa takataka.

Walinung'unika watu, mti wa Noeli kwenye kaburi la Muislamu. Mzee Massoudi, mwangalizi wa makaburi, alinifuata hadi nyumbani kunifokea, nikamjibu kwamba miti haibatizwi. Miza alicheka aliposikia, mara ya kwanza tangu msiba. Kila asubuhi alibeba maji kwenye bidoni ya lita tano, kwa miguu, akaumwagilia ule mti. Alikula. Alilala. Nikajiambia nimefanya jema.

Wiki ya tatu ncha zikageuka manjano. Akaongeza maji, akaweka samadi, akauwekea kivuli cha gunia. Wiki ya tano mti wote ulikuwa kahawia kama ufagio wa zamani. Hapo Miza akaacha kula tena. Aliniambia, kwa sauti tulivu iliyonitisha, kwamba sasa amepata jibu lake. Mti una mizizi, una maji, una kivuli, na bado unakufa. Basi radhi yake haikufika, na mtoto anaadhibiwa kwa ajili ya mdomo wa mama yake.

Kesho yake nikatangulia makaburini na panga, nikachimbua, nikavuta. Lilitoka shina tupu. Nikakaa nalo magotini nikimngoja, na alipofika nikamwambia yote, sikubakiza kitu: Népomuscène, msumeno, kokoto, uongo wangu.

"Haikuwa na mizizi tangu siku ya kwanza," nikasema. "Niliileta imeshakufa. Sami hana kosa hapa, na wewe huna. Kosa ni langu."

Aliangalia shina. Akaangalia panga lililolala kando yangu na udongo wake. Kisha akanitazama usoni kwa huruma, yeye kunihurumia mimi.

"Umeikata mizizi leo, kaka," akasema. "Umekuja kabla yangu ukaikata, ili mi nilale. Nakujua. Siku ile hukunidanganya. Unanidanganya sasa."

Nikamwonyesha kwamba msumeno na panga havikati sawa, hakutazama tena. Nikaanza kuapa, wallahi, billahi, naye akaniziba mdomo kwa kiganja chake, nisije nikala yamini ya uongo mbele ya mwanawe. Akapiga magoti. Akamimina maji yote ya bidoni ndani ya shimo tupu, polepole, akimwomba Sami amsamehe.