Mstari Kwenye Mbeleko

…na mimi nimekaa tu, mguu juu ya kanyagio la pili la kitanda cha kufumia, sikanyagi wala siutoi, Mama Chintan, mwalimu wangu, kasimama pembeni yangu na ule mkasi wake mkubwa, kaufungua nusu, ananiuliza, "Agnesi, nikate au unaendelea?" kama vile ananiuliza chai aweke sukari au aache, na jibu ni neno moja, kata, au endelea, hata mwanangu Stella akiamka humo kwenye boksi la nyuzi alimolala angeweza kulijibu, mimi natazama kitambaa tu… mstari upo, nimeshauona na sasa sioni kingine, umeanzia kule nilikofuma siku ya kwanza ukapanda mpaka hapa mkono wangu ulipo, umenyooka kama umechorwa kwa rula, katikati ya macho ya ndege, ndivyo Mama Chintan anavyoyaita yale madirisha madogo ya mshazari, kahawia juu ya nyeupe, jicho, jicho, jicho, halafu moja limepasuka, na la juu yake limepasuka palepale, na la juu yake, na mimi wiki tatu nafuma nafurahi, nakanyaga, narusha uzi, nagonga na chanuo, nakanyaga, sioni kitu, yeye kapitisha kidole tu, miwani yenyewe iko kichwani, akasema "hapa," akahesabu kutoka ukingoni kwa Kigujarati midomo ikicheza, akasema, "Uzi wa sitini na moja, umeruka kitanzi, hujakosea kufuma wewe, umekosea kutunga," na nikajua hapohapo kwamba hakuna cha kufumua, maana kama ungekuwa ni mshindio, uzi wa kukatiza, ungerudi nyuma safu kumi, ishirini, ukaurekebisha, lakini kutunga kunafanyika kabla ya safu ya kwanza, nyuzi zote mia mbili arobaini za mtande, zile za urefu, unazipitisha moja moja kwenye vitanzi vyake, fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tatu, ya pili, unarudia, moja mbili tatu nne tatu mbili, kama wimbo wa chekechea, ukiruka kimoja umeruka kwa kitambaa chote, dawa yake ni mkasi, kata, toa, anza upya… wiki tatu. Wiki tatu nyingine. Na hapo ndipo moyo ulipofanya kitu ambacho naona aibu hata kukiwaza, moyo uliruka kwa furaha.

Maana huko chini dukani namsikia mkwe wangu, mama yake Zakayo, bibi yake Stella, kaja kutoka Magomeni alikofikia kwa ndugu yake, kesho asubuhi basi la Masasi, na kila mtu mtaa huu wa Mchikichi anajua kaja kumchukua mjukuu wake, na namsikia Mzee Kanu, muuzaji wetu, anamchokoza kutoka kaunta, "Mama, mmekuja mikono mitupu, korosho zote mmezila wenyewe?" na yeye anamjibu bila hata kupumzika, "Zipo baba, tunakusubiri uje uzibangue," na Mzee Kanu, "Meno yangu haya?" na yeye, "Kwani huko kwenu mnabangua kwa meno?" wanacheka, wanacheka wote wawili, na kicheko cha yule mama nakipenda, ndiyo ubaya wake, angekuwa mama mkwe wa kwenye hadithi za watu, mwenye mdomo, ingekuwa rahisi, lakini ni mtu ambaye siku ya kwanza kafika kanishika mkono nikiwa nimeinama, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, mbona umekonda hivi," akaniogeshea mtoto, akafua na nguo zangu, na neno moja tu aliweka, moja, "Mimi sibebi mjukuu wangu kwa kanga ya kuazima, kwetu mtoto anayekwenda kukaa kwa bibi yake anabebwa kwa mbeleko iliyotoka mkononi kwa mama yake, hata ukishona pindo tu, akilia anafunikwa nayo, ananyamaza, isipokuwepo siondoki naye," na mimi kwa kujidai nikasema tayari nafuma mama, kitambaa kizima, kitakuwa tayari… akasema vizuri, nitasubiri. Kasubiri. Kitambaa kimebakiza shubiri mbili, kazi ya usiku mmoja. Na nikisema kata, basi la kesho anapanda mwenyewe, ana mikorosho yake, hawezi kukaa wiki tatu, atarudi baada ya msimu, na msimu ni mrefu, na Stella atakuwa anatembea, atakuwa anasema mama, anasema "ma" sasa hivi lakini anaiambia hata feni… kata, Mama Chintan, kata, nani atanilaumu, kitambaa kina kosa, mwalimu mwenyewe kasema, nani atasema nimefanya makusudi. "Usiharakishe," anasema Mama Chintan, "kiti hakikufukuzi," na anakaa kwenye stuli yake, mkasi magotini, bado uko wazi. Huyu naye. Alinitoa dukani nilikokuwa nakunja vitenge, aliniona namsuka nywele msichana wa jirani akasema wewe vidole vyako vinahesabu, njoo juu, akanionyesha hiki kitanda cha kufumia, mbao zake nyeusi kwa mikono ya watu waliokufa, baba yake alifumia hapahapa kabla duka halijawa duka, akanifundisha kutanda mtande, kukaza, kulegeza, akanifundisha kwamba ukiwa na hasira unagonga sana kitambaa kinakuwa kama turubai, na ukiwa na hofu unavuta sana uzi wa pembeni kitambaa kinajibana kiuno, wiki iliyopita alishika pale kilipojibana akaniuliza, "Hapa ulikuwa unaogopa nini?" nikasema siogopi kitu mama, akasema, "Sawa, wewe huogopi, nguo ndiyo imeshika pumzi," akaniachia. Hakuuliza tena. Ningependa angeuliza tena.

Uzi wa sitini na moja… kutunga kulichukua siku mbili, siku ya kwanza niliishia hamsini na tisa, nakumbuka maana nilifunga uzi mwekundu niweke alama, hamsini na tisa, Stella alikuwa analia. Kesho yake nikaanza sitini, halafu sitini na moja, halafu… hapana. Hapana, si hapo. Kabla ya sitini kulikuwa na mchana wote ule, ule ambao nikiupita mawazoni napita mbio kama mtu anayekatiza Msimbazi magari yakija, mguu! mguu! wanapiga kelele wasukuma mikokoteni, pembeni dada!… Stella alilia siku tatu, meno, au homa, wale wa dirisha la dawa walisema meno, siku tatu mchana na usiku, nimempa maziwa, nimembeba mgongoni, nimemwimbia, Zakayo simu haipokelewi, Zakayo alisema anakwenda Mtwara wiki mbili na sasa imetimia miezi saba, watu wanasema ana mwingine huko, waseme, na ule mchana nilikuwa naye mgongoni napanda tena ngazi kuja huku juu kuendelea kutunga, akawa analia sikioni, humuhumu sikioni, na mikono yangu… mikono yangu ilitaka kitu. Sikukifanya. Mungu anajua sikukifanya, lakini ilikitaka, nikaiona inakitaka, nikaogopa, nikamfungua nikamweka pale ngazi zinapokata kona, juu ya kanga, nikamwambia mama anakuja, na nikashuka. Nikashuka nikapita mbele ya duka Mzee Kanu akaniuliza unaenda wapi nikasema kununua uzi. Nikatembea. Nikahesabu hatua, moja mbili tatu nne tatu mbili, mpaka Msimbazi, nikaifuata barabara, spika za wenye nguo zinaita chagua dada chagua mama, mama, kila mmoja ananiita mama, nikaendelea mpaka kelele zikapungua na nikasikia kimya kichwani na nikakipenda kile kimya, nikakipenda, sikutaka kurudi, kwa muda ambao siujui ni dakika ngapi nilikuwa mtu asiye na mtoto na nilikuwa navuta hewa… halafu miguu yenyewe ikageuka. Nilirudi mbio. Alikuwa palepale. Amekaa, kiatu kimoja kimemtoka, kashika nondo ya ngazi kwa mikono miwili na anatazama chini kwenye ile nafasi, kule chini kwenye sakafu, nondo zenyewe zimeachana mtoto mkubwa kuliko yeye anapita, na hakuwa analia. Alikuwa ameacha kulia. Akageuka akanitazama kama anavyowatazama wateja wanaopanda na kushuka, anione, apitishe macho, arudi kwenye nondo yake. Nikamnyanyua hakunishika. Hilo. Mkono wake ulining'inia tu, na mimi nikakaa pale ngazini nalia mimi sasa, na simu ikaita, nikajua ni Zakayo, haikuwa Zakayo, ilikuwa ni mama yake, "Mwanangu, hamjambo huko? nimeamka leo nawawaza," na ni mimi niliyesema. Si yeye. Watu wote nimewaambia bibi yake anamtaka, bibi kang'ang'ania, hata shoga yangu Shadya kanionea huruma kaniambia usikubali, mtoto ni wa mama, na mimi nimemwachia aseme, nimelia naye kabisa, na ni mimi niliyesema, "Mama, njoo umchukue," hakuomba, nilimwomba mimi, akasema nakuja. Hakuuliza kwa nini. Kesho yake nikakaa hapa kutunga, Stella kalala boksini kama alivyolala sasa, nikashika uzi wa sitini, kitanzi, sawa, wa sitini na moja, mkono ukaenda na mimi nilikuwa bado niko kule kwenye kona ya ngazi nashikilia nondo… ndipo niliporuka.

Basi nikikata nakata nini. Wiki tatu zipi hizo, za kufanya nini, za kukaa naye peke yangu chumbani kule na mikono hii na ngazi hizi, nikingoja meno mengine… ninavyomtaka, Mungu wangu, ninavyomtaka, harufu ya kisogo chake, anavyopiga kofi titi langu akinyonya kama anabisha hodi, nani atambishia hodi huko Masasi, atalia, bibi yake atamfunika na hiki, kitanuka mimi siku mbili, tatu, kitafuliwa, kitanuka sabuni… wala sijapona mimi, ningesema nimepona ningekuwa naongopa, jana alilia nikatoka nikasimama koridoni nimebana mikono kwapani. Nikikata nitapata mtoto na kitambaa kisafi kisicho na mstari na hakuna mtu atakayejua kitu, hata milele, na mimi nitajua, nikifumba macho ni ile nafasi ya nondo. Na akienda bila mimi kusema, bibi yake atadhani kapewa mtoto na mama aliyezidiwa na maisha tu, atanihurumia, ataniletea korosho kila Krismasi akinihurumia, hata siku nikipona nikaenda kumchukua hatajua aniulize nini, hatajua anitazame wapi kwanza… lazima mtu mmoja ajue aniulize. Macho ya yule mama hayapitwi, atakikunjua kitambaa hapa hapa kabla hajakijaribu mgongoni, atapitisha kidole kama alivyopitisha huyu, atasema, mwanangu, na huu mstari? Nami nitasema. Si kwa simu, si msimu ujao. Mama, nilimwacha kwenye kona ya ngazi nikaenda. Nilikwenda mbali. Aseme atakalosema, anaweza akanitazama vile alivyonitazama mwanangu ule mchana, macho yakapita, anaweza asinipe tena, lakini atakuwa anajua amembeba nani na kwa nini, na Stella atakuwa na mtu mmoja duniani anayejua… "Agnesi," anasema Mama Chintan, taratibu, mkasi bado uko nusu, "mkwe wako anapanda," na kweli, nazisikia ndala zake, anapanda kwa mguu mmoja mmoja kwa sababu ya goti, na Mzee Kanu huko chini anamwambia pole pole mama, na akifika kwenye kona anasimama, kila siku anasimama palepale kupumua, ameshika nondo, "Jamani ngazi za huku," anasema, "zinataka mtu na mwenzake," na Stella boksini anajigeuza haamki, shubiri mbili zimebaki, safu themanini hivi, mstari utapita zote, acha upite, na Mama Chintan ananitazama, na mguu wangu bado uko juu ya kanyagio la pili.