Mawese Kwenye Kioo

Tulinagwe alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha kompyuta, viganja vimebana pembe za juu, pumzi ameizuia. Alipoona imetosha akaachia polepole. Kioo kilikaa. Akarudi nyuma, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Hapo pembe ya kushoto ikaanza kubanduka bila haraka yoyote, na Bibi Angetile aliyekuwa kwenye benchi akainuka, akaidaka kwa mikono miwili.

"Kimekataa tena," alisema bibi.

"Kimekataa."

Ilikuwa steshenari ndogo ya kuchapa na kutoa nakala, karibu na stendi ya Kyela mjini: kompyuta moja, printa moja, na feni iliyokuwa ikisukuma joto kutoka upande huu kulipeleka upande ule. Kompyuta yenyewe ni ya aina ile ambayo mashine yote imejificha nyuma ya kioo. Ukitaka kuigusa ndani, lazima kioo kibanduliwe, maana walioitengeneza hawakuweka skrubu, waliweka gundi. Tulinagwe aliachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea alipokuwa anarudi kwao, na tangu hapo ilikuwa ikimlisha kwa picha za pasipoti, ratiba za mazishi na barua za kuomba kazi.

Kisha Mfuko wa Akina Mama wa Ziwa ukaleta mfumo mpya wa kuombea mikopo. Mfumo haukutaka karatasi, haukutaka simu, na haukutaka kompyuta iliyozeeka. Afisa wa Mfuko, Bwana Lusungu, alisimama mbele ya wanawake wa kikundi cha Ikolo akawaambia kwamba atakayeshindwa kuingia kwenye mfumo asije akamlaumu mtu. Tulinagwe ndiye katibu wao. Akamwita fundi Eliya kutoka Mbeya, naye Eliya akabadilisha diski na kuongeza memori, na mfumo ukafunguka. Ila utepe wa gundi uliokatwa kwa kipimo cha kioo kile haukuwa umefika kutoka Dar, na Eliya alikuwa na kazi zake nyingine. Aliacha maelekezo: ondoa gundi ya zamani, weka utepe wa pande mbili, bana, subiri. Akapanda basi akaenda zake.

Na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa leo alasiri.

Wanawake wa Ikolo walijua maana yake. Wakikosa mkopo, watarudi kwa mchuuzi kumuuzia kokoa ikiwa bado mtini, kwa bei aitakayo yeye, kisha wakae barazani wamtazame akiivuna. Mwaka jana Bibi Angetile, mwenyekiti wao, alimtazama hivyo, na mchuuzi akamwomba maji ya kunywa. Alimpa. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma kuliko hata ile bei.

Utepe Tulinagwe aliununua asubuhi dukani kwa Mzee Mikidadi.

"Umepanda bei tena?" aliuliza.

"Kila kitu kimepanda, binti yangu. Hata mimi nimepanda, ila wa kuninunua hajatokea."

Ulikuwa utepe mzuri, wa kubandikia urembo wa magari. Kwa nini ulikuwa unashindwa kushika kioo, Tulinagwe hakuelewa. Walijaribu kuilaza mashine chali juu ya mto, ikakosa pumzi ikazima. Waliazima mpira wa kufungia mizigo kwa dereva wa bodaboda, wakakizungushia, kioo kikatoa mlio, wakaufungua upesi. Kukiegemeza tu ndiko hakukuwezekana kabisa, kwa sababu nyaya za ndani ni fupi na kikiinama kidogo kinakuwa giza.

Tulinagwe alipitisha kidole kwenye ukingo wa mashine, akakinusa. Akakitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Kilikuwa chekundu.

"Bibi, asubuhi nilipokuachia uniondolee ile gundi ya zamani, uliitoaje?"

"Kwa mawese."

"Mawese?"

"Sasa utomvu wa fenesi wewe unautoaje mikononi, mwanangu? Kwa maji? Nilikuwa na kichupa changu kwenye kikapu. Nikapaka, nikafuta, ikatoka yote. Ukaja ukaona, ukasema ndaga fijo."

Ni kweli alishukuru hivyo. Tena alisifu, akasema ukingo unang'aa. Tulinagwe alitaka kukasirika, na hasira ilikuja mpaka kooni, ila akakosa wa kumtupia. Mtu yeyote aliyekulia Kyela angefanya hivyo hivyo. Walisugua kwa sabuni ya unga, wakakausha, wakabandika utepe mpya. Mafuta yalikuwa yameshajificha kwenye vijipenyo, na joto likayatoa tena. Duka la dawa lilikuwa limeishiwa spiriti.

Akampigia Lusungu simu kuomba waongezewe muda, hata mpaka kesho asubuhi.

"Mfumo ndio unaofunga, dada, si mimi," alijibu afisa. "Mimi sina mkono humo." Akakata.

Basi wakaamua kwamba bibi ashike na katibu aandike. Bibi Angetile alisimama pembeni ya meza, mikono juu, kioo kimenyooka, na Tulinagwe akaanza kujaza. Mtandao ulikuwa unasuasua. Kila ukurasa ulipokuwa unazunguka, Tulinagwe aliitazama mikono ya mzee ikishuka na kupandishwa tena, akaona aibu kuendelea kukaa kwenye kiti.

"Pumzika kidogo, bibi."

"Nikipumzika utaandika wapi? Endelea."

Walipofika mwisho, akabonyeza kutuma. Maandishi mekundu yakatokea: dirisha limefungwa. Alasiri ilikuwa bado. Mvua ndiyo kwanza ilikuwa inajikusanya upande wa ziwani.

"Limesemaje?" aliuliza bibi ambaye hakuwa amevaa miwani.

Kabla hajajibiwa, Bwana Lusungu aliingia mbio mbio, flashi mkononi, shati limelowa makwapani.

"Mugonile," alisalimia. "Dada, nichapie hii haraka sana. Meneja yuko njiani kutoka Mbeya, anataka taarifa mkononi akifika."

"Kwenye karatasi?"

"Ndiyo, karatasi."

"Na ofisini kwenu?"

Lusungu akashusha sauti. "Kompyuta yetu mfumo mpya unaigomea. Taarifa nimeitoa kwa kuibaiba tu, nayo printa haitaki."

Tulinagwe hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Alipokea flashi, akaichomeka. "Bibi amechoka. Shika hapa na hapa, bosi. Ukiachia kinaanguka."

Afisa akaweka mkoba chini, akashika. Sasa alikuwa amesimama pembeni ya meza, mikono miwili juu, uso karibu na yale maandishi mekundu.

"Mmefunga kabla ya wakati," alisema Tulinagwe.

"Maombi yalizidi. Ni amri ya juu."

"Nani anafungua?"

"Mfumo."

"Mfumo una namba ya simu?"

Lusungu aliitupia jicho flashi yake. Matone ya kwanza yaligonga bati. "Nina haraka, dada."

"Na sisi pia." Tulinagwe akatoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

Bibi Angetile akamsogelea afisa, akatoa simu kwenye mfuko wa shati lake, kwa adabu, kama mama anayemtoa mtoto kitu mfukoni kanisani. Akaigusisha kwenye dole gumba la Lusungu lililobana kioo. Simu ikafunguka.

"Nimpigie nani, baba?"

Lusungu alitazama mlango, akatazama mvua. "Sabrina, ndiye anayeshika mfumo," alisema mwishowe.

Tulinagwe akalitafuta jina, bibi akamshikia simu sikioni. "Sabrina, wafungulie Ikolo," alisema afisa. "Ndiyo. Sasa hivi." Simu ilikuwa bado sikioni maandishi mekundu yalipotoweka.

Tulinagwe alituma. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukaleta rangi ya kijani: maombi yamepokelewa. Alimsomea bibi kwa sauti. Bibi akakaa kwenye benchi, akasema "ndaga" bila kumwelekea mtu yeyote.

"Sasa taarifa yangu," alisema Lusungu.

"Naifungua."

Na alikuwa anaifungua kweli. Ila simu ililia kwenye kiganja cha bibi, na Lusungu akaliona jina la meneja. Mikono yake miwili iliruka yenyewe, ikaidaka simu, na mwili ukanyooka wima.

"Ndiyo, mkuu!"

Kioo kilipiga ukingo wa meza kabla Tulinagwe hajakifikia. Alikiinua kikiwa kimepasuka toka kona mpaka kona, kimening'inia kwa waya mmoja, cheusi. Alikuwa anajua bei ya utepe tu. Bei ya kioo hakutaka hata kuiwaza. Alikishika kifuani, kisha akakilaza mezani.

"Iko tayari, mkuu, inachapwa hivi tunavyoongea," Lusungu alikuwa anasema. Akaziba simu kwa kiganja, akamgeukia. "Taarifa yangu iko wapi?"

Tulinagwe alichomoa flashi, akaifuta mawese kwa kitenge, akamrudishia.

"Dirisha limefungwa, bosi."